Chelo Kariakoo

Transfoma iliyo kwenye nguzo mbele ya dirisha letu huimba mchana na usiku. Si mlio wa kuudhi. Ni mvumo wa chini ambao mtu akikaa mtaani kwetu wiki moja hausikii tena. Umeme wa nchi hii huzunguka mara 50 kwa sekunde, na chuma kilicho ndani ya transfoma hutikisika mara mbili ya hapo, yaani mara 100. Uzi wa tatu wa chelo, ule wa sol, ukikazwa sawasawa hutikisika mara 98. Tofauti ni mbili tu, na sikio hulipokea jambo hilo kama wimbi: sauti inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, mara mbili kila sekunde. Nimejizoeza kukaza uzi huo kwa kuhesabu mawimbi. Yakiwa mawili, nimefika. Yakififia na kutoweka, nimekaza mno na nimeshakuwa sauti moja na nguzo.

Mwalimu wangu haipendi njia hii. Anasema anayelinganisha ala yake na nguzo ya umeme atakuja kupiga muziki wa nguzo.

Nina miaka 26. Nasoma shahada ya umahiri katika isimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na naishi na mama na mdogo wangu kwenye ghorofa ya nne, Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Sikukuu. Chelo nimeanza kujifunza miezi kumi na minne iliyopita. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kupiga ala yoyote, labda uhesabu filimbi ya plastiki ya shule ya msingi, ambayo sote tuliipuliza mpaka mwalimu akazikusanya na kuzifungia kabatini. Sikuwa na ndoto ya chelo. Nilikwenda Masaki kuangalia rafu ya vitabu ambayo mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao alikuwa anaiuza, na pembeni ya rafu palikuwa na kitu kikubwa ndani ya mfuko mweusi. Nikauliza ni nini. Akakitoa, akakaa nacho, akavuta upinde mara moja kwenye uzi mnene kuliko yote. Nikausikia uzi ule kwenye sakafu, kwa nyayo, kabla sijausikia kwa masikio. Rafu sikuinunua.

Nilimlipa shilingi laki sita, ambazo zilikuwa akiba ya kompyuta mpya. Mama alipoiona akauliza, "Inalipa?"

Mtu asiyekulia Kariakoo anaweza kudhani hilo ni tusi. Kwetu ni swali la kawaida, karibu na hujambo. Mama anauza vitenge kwa jumla kwenye fremu ndogo, na alinisomesha kwa vitenge hivyo tangu chekechea, kwa hiyo anapouliza kama kitu kinalipa anauliza kama kina akili. Nikamjibu hakilipi. Akakaa kimya kidogo, akakokotoa, halafu akaniambia laki sita ni sawa na doti ngapi za kitenge. Sitaitaja idadi. Tangu siku hiyo chelo yangu anaiita "ule ubao".

Na ni kweli ni ubao. Uso wake ni mti laini wa jamii ya misonobari, mgongo na mbavu ni mti mgumu zaidi, na vyote vimeunganishwa kwa gundi. Ndani, chini ya daraja linalobeba nyuzi, kuna kijiti kimesimama kati ya uso na mgongo bila gundi, kimeshikwa na mkazo tu. Kijiti hicho kikianguka sauti inakufa. Nyuzi ni nne: do, sol, re, la, kutoka mnene hadi mwembamba, na kila mmoja umepandishwa hatua tano juu ya jirani yake. Upinde una manyoya ya mkia wa farasi yanayopakwa utomvu mkavu ili yakwaruze. Bila utomvu unateleza na husikii kitu. Gitaa lina vyuma vya kukuonyesha pa kuweka kidole. Chelo haina. Shingo yake ni nyeusi, laini na tupu kama barabara ya usiku isiyo na alama, na kila sauti unaitafuta mwenyewe kila unaposhuka.

Wanaosema Kariakoo si mahali pa kujifunzia muziki hawajafikiri vizuri. Mahali hapa palipewa jina na wapagazi: baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, jeshi la wabeba mizigo, Carrier Corps, lilipigishwa kambi hapa, na midomo ya wenyeji ikaligeuza neno kuwa Kariakoo. Mizigo haijaacha kupita tangu hapo. Kuanzia alfajiri kuna mikokoteni, honi, majenereta, watu wanaochana maboksi, na vipaza sauti vya machinga vilivyorekodiwa mara moja na kuachwa vijirudie mpaka jioni: elfu mbili mbili, chagua mwenyewe, elfu mbili mbili. Katika kelele hiyo anayeanza chelo ana uhuru ambao mwenzake wa Mbezi hana. Miezi mitatu ya kwanza chelo haitoi sauti ya muziki. Inatoa sauti ya mlango. Kwa ghorofa yetu, hakuna jirani hata mmoja aliyejua kwamba kuna mlango unafunguliwa saa nzima kila siku.

Shida ni kwamba hata mimi nilikuwa sijisikii. Nikawa nasubiri usiku. Kati ya saa nne na saa tano, fremu zikishafungwa, nilikuwa na dirisha la saa moja ambamo nilibaki mimi na transfoma. Mwaka 2025 ukazinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo saa 24, na dirisha hilo nalo likaanza kuzibwa polepole. Mama alifurahi. Nilifurahi kwa ajili yake, kwa sababu ada yangu inatoka hapo, lakini nikahamia bafuni.

Kuibeba ni habari nyingine. Mwili wake peke yake unakaribia sentimita 75, ukiongeza shingo na mfuko inanifika karibu na sikio. Wapagazi wananifuata: "Dada, nikubebee? Buku mbili tu." Konda mmoja wa daladala alinitoza nauli ya watu wawili, na tulipobishana abiria wakamuunga mkono wakisema huyo mwenzako kakaa kiti cha nani. Watoto wanauliza kama ni gitaa la jitu. Mzee mmoja kwenye mwendokasi aliutazama mfuko kwa muda mrefu, akanipa pole. Ilinichukua vituo viwili kuelewa alidhani nimebeba nini.

Mwalimu nilimpata kwa kuulizia. Dar es Salaam ukitafuta wa kukufundisha kinanda utachoka kuchagua. Wa gitaa wapo. Wa fidla utampata, ukiwa na subira. Wa chelo niliulizia miezi miwili. Wengine walinishauri nivuke bahari, maana Unguja kuna Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa mwaka 2002 na kwa miaka mingi ikifundisha ala hizi pale Jumba la Forodha la zamani, Mizingani. Lakini boti kila wiki ni gharama ambayo hata mtu aliyenunua chelo badala ya kompyuta anaiona. Mwishowe fundi redio mmoja wa Mtaa wa Aggrey aliniambia kuna babu Magomeni aliyekuwa akipiga "fidla kubwa ya kukaa" kwenye taarab, zamani.

Nitamwita Mzee, kama ninavyomwita. Jina lake hataki liandikwe, na sababu zake nitazifikia.

Siku ya kwanza nilimwamkia, nikaketi, nikaanza kujitetea. Nikamwambia najua nimechelewa. Nimesoma mtandaoni kwamba wapigaji wengi huanza wakiwa na miaka mitano au sita. Mzee akaniuliza, "Nani kakwambia?" Yeye alianza akiwa na miaka 29. Alikuwa karani bandarini. Klabu yake ilikuwa na wapiga fidla wa kutosha, na chelo moja ilisimama pembeni haina mtu. Akaambiwa, wewe una mikono mirefu, kaa nayo. Mwaka mmoja baadaye alikuwa anapiga kwenye maharusi.

Ndivyo zilivyokuwa klabu za taarab, na jambo hili vitabu vya kujifunzia chelo haviwezi kukuambia. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905 kama jumuiya ya marafiki, wala haikuwa shule. Hapa Dar es Salaam zikawepo Al-Watan na Egyptian, na jina hilo la pili linakuonyesha masikio yalikuwa yameelekea wapi. Kutoka Kairo zilikuja sahani za santuri, kisha redio, kisha filamu zenye safu nzima ya fidla nyuma ya mwimbaji, na klabu za pwani zikataka safu kama hiyo: ganuni, udi, nai, fidla kadhaa, akodioni, chelo, besi. Waliozipiga walikuwa makarani, mafundi cherehani, madereva, walimu. Walitoka kazini, wakala, wakaenda klabu. Hakuna aliyewauliza walianza wakiwa na miaka mingapi. Kuchelewa ni jambo la watu wenye ratiba ya kufika mahali fulani. Hawa walikuwa wameshafika, walikuwa na harusi Jumamosi.

Kinshasa nako wanalijua hili. Orchestre Symphonique Kimbanguiste iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 ilijaa watu wazima wenye kazi zao za mchana. Mwanzoni ala zilikuwa chache, wakapokezana, na uzi wa fidla ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Kuna filamu kuhusu wao ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony. Niliitazama mara mbili katika mwezi wangu wa pili, wakati bado natoa sauti ya mlango, na kilichonikaa kichwani ni nyuso zao wanaposubiri zamu yao ya kuingia. Wanahesabu kwa midomo. Mimi pia nahesabu kwa mdomo.

Baadaye, miaka ya 1990, taarab ya kisasa ikaja na kinanda cha umeme. Kinanda kimoja kinaweza kuwa fidla nane, chelo na besi, na hakidai nauli. Sina ugomvi na taarab ya kisasa. Nimecheza sana kwenye maharusi yake, na Mama anajua mafumbo yake yote. Lakini hesabu ile ya Mama ilifanyika pia kwenye klabu: watu wanane wanalipa, au kinanda kimoja? Chelo ya klabu ya Mzee iliuzwa, hajui kwa nani. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakugusa nyingine mpaka nilipoingia na mfuko wangu mweusi ukakwama mlangoni.

Ada yake ni shilingi elfu kumi na tano kwa somo, na hakopeshi.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nimebandika vipande vya plasta kwenye shingo ya chelo, kama video zote za mtandaoni zinavyoelekeza, ili nijue kidole kinakaa wapi. Mzee alizitazama, akaomba kisu. Alizibandua moja moja kwa mkono wa kulia, taratibu, huku nikishika shingo. Akasema hizo zitanifundisha sauti za mzungu tu, na anachotaka nipige kinakaa katikati.

Sikumwelewa mpaka tulipofika kwenye bayati. Bayati ni mojawapo ya maqamu, yaani njia za sauti ambazo taarab ilizipokea kutoka muziki wa Kiarabu. Ukiianzia kwenye re, unapiga uzi wa pili mtupu, halafu unaweka kidole cha kwanza kwa sauti inayofuata. Kwenye piano hapo kuna chaguo mbili: mi, au mi iliyoshushwa. Bayati haitaki hii wala ile. Inataka iliyo baina yao, mahali ambapo plasta haipo na piano haina kitufe. Wala si katikati kwa rula. Wimbo ukipanda, Mzee anaiweka juu kidogo. Ukishuka, anailegeza, kama mtu anayeketi. Kwenye chelo mahali hapo ni upana wa ukucha. Ukipita kidogo mbele, wimbo unakuwa wa kanisani. Ukirudi kidogo nyuma, unakuwa wa filamu ya huzuni. Nilikaa na ukucha ule wiki saba.

Kuna usiku nilikuwa bafuni naitafuta, kidole mbele, kidole nyuma, na Mama yuko jikoni anachambua mchele. Akaita, bila kuinua sauti, "Hapo hapo ulipopita." Nikarudi. "Siyo. Umepita tena." Nikarudi polepole. "Ee. Kaa hapo." Mama hajawahi kushika ala. Lakini alikulia Tanga na redio ya bibi yake, na sikio lake lina ile mi ya katikati kama langu lilivyo na honi ya mwendokasi. Nilimwomba aje akae mlangoni anielekeze. Akasema ana mchele.

Nimesema Mzee alibandua plasta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haufanyi kazi. Alipata kiharusi miaka mitano iliyopita; mguu ulirudi, maneno yalirudi, mkono haukurudi. Unalala kwenye paja lake na anauhamisha kwa mkono mwingine kama anavyohamisha kikombe. Mpiga chelo anahitaji yote miwili: wa kulia unavuta upinde, wa kushoto unatafuta sauti. Kwa hiyo masomo ya mwanzo alinifundisha kwa mdomo. Aliimba mstari, nikaupiga, akaguna, akauimba tena. Hilo linakufikisha mahali fulani, kisha linagoma, kwa sababu kuna mambo ambayo mwenye ujuzi wenyewe hajui kwamba anayafanya mpaka ayafanye.

Wazo lilikuwa la mkewe. Alikuwa anapita na chai, akatutazama tunavyohangaika, akasema, "Si mkae wawili." Mzee akakasirika kidogo. Somo lililofuata nikakuta ameshaketi kwenye kiti kisicho na mikono, magoti wazi, anasubiri.

Tunafanya hivi: yeye anaikumbatia chelo na kushika upinde. Mimi nasimama nyuma ya bega lake la kushoto, naushusha mkono wangu wa kushoto kwenye shingo ya chelo, pale ambapo wake ungekuwa. Yeye anavuta, mimi nabonyeza. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu. Nilikuwa nabadilisha kidole wakati nilipodhani sauti inabadilika, lakini upinde wake ulikuwa haujafika, au ulikuwa umeshaondoka. "Subiri upinde," akasema. "Usiuburute kama mbuzi." Nilipoacha kubuni na kuanza kusikiliza, nikagundua kwamba anavuta pumzi kabla ya kila mstari, kidogo sana, na bega lake hupanda kabla upinde haujageuka. Hayo kwenye kuimba kwake hayakuwepo. Na shingo ya chelo inatikisika mkononi unapobonyeza, kwa hiyo niliusikia uzito wa mkono wake wa kulia kwa ncha za vidole vyangu vya kushoto: pale anapoegemea, pale anapoachia, jinsi anavyougusa uzi kabla ya kuusemesha badala ya kuukereza kama seremala, ambayo ndiyo tabia yangu.

Nikiikosa mi ya katikati, hasemi kitu. Upinde unasimama tu. Hewani mnabaki na kimya cha aibu, kisha narekebisha ukucha mmoja, na upinde unaendelea.

Somo la namna hii ni la dakika ishirini, kisha mkono wangu unakufa ganzi na yeye anachoka. Dakika nyingine arobaini ananifundisha kawaida na kunilalamikia mgongo.

Sasa kuhusu jina. Tasnifu yangu inahusu lugha ya matangazo ya vipaza sauti vya machinga Kariakoo. Niliwahi kumweleza msimamizi wangu chuoni, katika mazungumzo tu, kwa nini Alhamisi jioni sipatikani. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Una mpiga chelo wa taarab aliye hai, unakaa naye kila wiki, anakufundisha nyimbo ambazo hazijaandikwa popote, na wewe unaniandikia elfu mbili mbili?" Aliyasema kwa upole, na hoja yake ni nzito. Nyimbo hizo zilipigwa kwenye maharusi. Baadhi yake zilirekodiwa, zikisikika mbele ni sauti ya mwimbaji na fidla. Mstari wa chelo uko chini, unaufuata wimbo kwa sauti nene na mahali pengine unachapwa kwa kidole pamoja na besi, na katika kanda za zamani unausikia kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Dokta anataka nirekodi, nipige picha za video, nijaze fomu za ridhaa, nibadilishe mada. Muda bado upo, anasema. Wangu, alimaanisha, lakini sote wawili tulimfikiria mtu mwingine.

Nilimuuliza Mzee. Akacheka. "Niandikwe mimi? Waandike waliokuwa wanapiga vizuri." Nikamuuliza wako wapi. Akawataja, mmoja mmoja, na baada ya kila jina akasema rehema.

Mwanawe mkubwa, ambaye ana duka la vipuri Gerezani, alinisindikiza siku hiyo mpaka kituoni akinibebea chelo. Aliniuliza swali moja, kwa heshima kabisa. "Akishaingia kwenye kitabu chako, wewe unapata shahada. Sisi tunapata nini?" Ni swali la Mama, kwa kweli, limevaa koti jingine. Ningeweza kumjibu kwamba sauti ya baba yake itahifadhiwa. Lakini itahifadhiwa wapi, na nani ataifungulia? Nimeona makabati ya tasnifu chuoni. Sikumjibu. Akanipandishia mfuko kwenye basi, akaniaga.

Kwa hiyo mpaka sasa sijarekodi. Nina daftari la shule la kurasa 96, na ndani yake nimechora nyuzi nne na namba za vidole, na mishale ya upinde, na kando ya ile mi nimechora ukucha. Kuna nyimbo tano. Mtu mwingine akilikuta hatalielewa, na Dokta nikimwonyesha atalia. Kuna siku nadhani ninafanya jambo la haki, ya kwamba kitu hiki apewe mtu kwa mkono na si kwa fomu. Siku nyingine nadhani ni ubinafsi mtupu uliovalishwa kanga nzuri. Mwezi wa tatu Mzee alilazwa wiki tatu, na nilipokuwa kwenye benchi nje ya wodi na mkewe nikajikuta nahesabu nyimbo, ngapi ninazo, ngapi alizitaja ambazo bado hatujaanza. Mkewe alikuwa anahesabu vidonge.

Alirudi nyumbani. Anavuta upinde kwa muda mfupi zaidi sasa, dakika kumi, kumi na mbili. Mkono uliobaki una nguvu, ila pumzi ndiyo inamwishia. Tumeanza wimbo wa sita, ambao anasema alijifunza kwa mzee aliyeketi kushoto kwake klabuni, na anaikumbuka sehemu ya kwanza na ya tatu. Ya pili imepotea. Tunaipiga hivyo hivyo, ya kwanza na ya tatu, tukiruka. Mama nilipompigia akasema wimbo anaujua, akauimba kwa puani hadi mwisho huku anakunja vitenge, lakini alichoimba ni cha mwimbaji. Chelo ilikuwa inafanya nini hapo chini hajui.

Jumapili iliyopita uzi wa la ulikatika. Ulipasuka kwa kishindo nikiwa sijaugusa, ukanichapa mkononi. Nimezunguka maduka ya muziki ya Kariakoo yote ninayoyajua: kuna vinanda, spika, maikrofoni, nyuzi za gitaa za kila aina, na muuzaji mmoja aliyenihakikishia kwamba uzi wa gitaa la besi ni ule ule. Si ule ule. Kuna mtu anakuja na basi kutoka Nairobi ameahidi kuniletea, wiki ijayo au ile nyingine. Nikampigia Mzee kumwambia Alhamisi sitakuja.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Tatu, Mzee."

"Wimbo wetu unataka mbili."

Nikamwambia pia kwamba mvua imejaza Jangwani tangu jana, mwendokasi haupiti, na siwezi kuvuka maji na chelo kichwani. Akanyamaza. Nikasikia anamuuliza mtu kitu, na mtu huyo anajibu kutoka mbali.

"Basi njoo Ijumaa, baada ya sala," akasema. "Na ile elfu kumi na tano ya wiki jana usiisahau."